Jerikeni Thelathini na Moja Mbele Yangu

Nilianza kusoma Kireno nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, katika kambi ya Kakuma, na siku ya kwanza nilipoingia darasani nilikuta jerikeni thelathini na moja zimekaa mbele yangu. Watu hakuna. Jerikeni tu, nyingi za njano, chache za bluu, moja nyeupe iliyokatwa shingo, zimepangwa mistari minne chini ya turubai kama watoto wa shule ya misheni. Mbele yao alisimama mwalimu, mwanamke wa makamo, chaki mkononi, anazifundisha jerikeni namna ya kuamkiana asubuhi kwa Kireno.

Nikasimama pale pembeni. Akaniona.

"Karibu," akasema. "Kaa nyuma."

Nikakaa nyuma. Ningefanya nini?

Sasa niseme ukweli wangu mapema, ili msomaji asinitafutie sifa nisizokuwa nazo. Sikuja pale kwa kupenda elimu. Elimu na mimi tuliachana darasa la tatu, kule kwetu kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na hata hilo la tatu sikulimaliza, maana mwalimu wetu alihama akaondoka na ubao. Mimi ni fundi viatu. Vita vilipotufikia nilikimbia na sindano, uzi wa nailoni na kisu kimoja, nikapita nchi hii na ile, na mwisho lori likanishusha Kakuma saa saba mchana kwenye joto ambalo nilidhani ni la injini. Nikasubiri lori liondoke ili nipoe. Lori likaondoka. Joto likabaki.

Basi huko ndiko ng'ambo yangu. Kuna watu wakisimulia ng'ambo wanasimulia baridi na majumba. Mimi ng'ambo yangu ilikuwa vumbi, na nilifika kama mwanafunzi wa kila kitu, hata wa kutembea, maana kwenye ule mchanga wa mto mkavu unapiga hatua mbili unapata moja.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni salamu. Kwetu kusalimiana ni kazi ya nusu saa, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kuku, za yule jirani mgonjwa. Waturkana, wenyeji wa pale, wanasema "ejok", unajibu "ejok", imekwisha. Lakini nyuma ya ejok kuna neno lingine, na hilo ndilo lilinitisha. Mzee mmoja Mturkana, ambaye wake zake walikuwa wanatuletea kuni tukiwapa unga, alikuja siku yangu ya pili. Alikuwa amebeba kile kigoda chao kidogo cha mti ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Akanitazama, akasema ejok, halafu akasema, "Nipe shati."

Nikajua ni mnyang'anyi. Nikampa. Kesho yake akaja amevaa shati langu, akasema ejok, akasema, "Nipe suruali."

Jirani yangu, mama mmoja wa Sudan ya Kusini ambaye alikuwa ameishi pale tangu kambi inaanza, alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "We mzee, huyo hakuibii! Anakupima kama wewe ni mtu wa kukaa naye. Na wewe muombe!"

Nikamgeukia yule mzee. "Nipe mbuzi."

Yeye naye alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda chake. Mbuzi hakunipa. Lakini tangu siku hiyo kila asubuhi tuliombana: nipe tumbaku, nipe ngamia, nipe sindano, nipe mke mmoja, na tukawa marafiki. Suruali nilibaki nayo.

Kitu cha pili nilichojifunza ni jerikeni, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri maana bila hili hadithi yote itaonekana ya kichaa. Bomba la maji lilifunguliwa kwa saa zake, na saa hizo lilizijua lenyewe. Kusimama juani kusubiri hakuna aliyeweza. Kwa hiyo unaiweka jerikeni yako kwenye foleni, unakwenda zako kupika, kuzozana, kulala. Jerikeni inasimama kwa niaba yako. Maji yakija, mtu anapiga kelele, mnakimbilia, kila mmoja anasimama ilipo jerikeni yake. Hakuna anayesogeza ya mwenzake. Mle kambini tulikuwa watu wa kila taifa, hatukukubaliana kuhusu Mungu, wala chakula, wala nani alianza vita, lakini jerikeni tulikubaliana. Jerikeni ni mtu. Asiye nayo aliweka jiwe, au kandambili moja. Ikawa desturi hata mahali pasipo na maji. Nimeona jerikeni kwenye foleni ya kung'oa meno. Nimeona moja, na hili naapa, kwenye foleni ya kuungama dhambi.

Sasa mwalimu.

Alikuwa Mwangola. Vita vya kwao vilimkimbiza akiwa msichana hadi Kongo, huko akajifunza Kiswahili chetu, halafu vita vyetu navyo vikamkimbiza. Mkimbizi mara mbili, alizoea kusema, kama mtu anayetaja cheo. Alikuja kibandani kwangu na kandambili iliyokatika. Nikashona. Akaigeuza geuza.

"Fundi, umeshona vizuri," akasema, "ila sasa mguu wa kulia unafanana na wa kushoto."

Miaka mingi hakuna mtu aliyeitazama kazi yangu kwa makini namna ile. Kandambili hiyo niliishona mara nne. Nakiri, mara tatu nilitumia uzi mbovu makusudi. Mara ya nne akasimama, mkono kiunoni.

"Niambie. Uzi wako ndio unachoka haraka, au ni wewe unataka nirudi?"

"Ni mimi," nikasema.

Akakaa kwenye benchi langu, akanieleza mambo yalivyo. Baba yake hayupo. Aliyebaki ni kaka yake mkubwa, yuko Luanda, anafanya kazi bandarini, hajui lugha nyingine ila Kireno. Mume wake wa kwanza, Mkongo kama mimi, aliongea na huyo kaka kupitia mkalimani. Mkalimani akaahidi nyumba ya mabati, ng'ombe na moyo wa dhahabu, vitu ambavyo yule bwana mwenyewe hakuvisema wala hakuwa navyo. Kisha mama huyu alipougua miezi mitatu, bwana akaenda kumtafutia dawa, na mpaka leo anazitafuta.

"Kaka yangu ameapa," akasema. "Mwanaume wa pili atamsikia mwenyewe, kwa masikio yake, kwa Kireno. Mkalimani hataki. Na mimi bila neno la kaka yangu siolewi. Sasa chagua, fundi. Uzi mzuri nikaenda zangu, au darasa."

Nikachagua darasa. Ndivyo nilivyofika pale nyuma ya jerikeni thelathini na moja.

Mtaniuliza zilifikaje. Zililetwa na uvumi. Mwalimu alipoanzisha darasa, kambi nzima ilisikia kwamba nchi ya Wareno, au Brazili, wengine wakasema zote mbili, itakuja kuchukua watu wanaojua Kireno na kuwapa nyumba. Asubuhi moja tu, watu thelathini na mmoja wakaenda kushika nafasi. Wakaziweka jerikeni, majina yameandikwa ubavuni kwa rangi, wakaondoka. Nia yao haikuwa mbaya. Waliamini Kireno ni kama maji: kikija, tutaitwa.

Na mwalimu naye alikuwa mgeni wa kuendesha darasa. Ofisi ya kambi ilimpa daftari la mahudhurio, ikamwambia asipokuwa na wanafunzi darasa litafungwa. Kwa hiyo kila asubuhi alisoma majina kwenye mbavu za jerikeni, moja moja, na kwa Kireno mwanafunzi akiitwa anajibu "presente", maana yake nipo.

Anaita. Kimya. Anaita. Kimya. Upepo unapiga turubai.

Siku ya tatu sikustahimili. Alipoita jina la kwanza nikajibu mimi kule nyuma, kwa sauti nzito, "Presente!" Jina la pili nikajibu kwa sauti nyembamba. La nne kwa kukohoa kidogo, maana nilimjua mwenyewe, ana kifua. Mwalimu hakuinua macho. Alitia alama. Lakini mabega yalimtikisika, nikajua anacheka. Tangu hapo kila asubuhi nilijibu mara thelathini na mbili, thelathini na moja za wenzangu na moja yangu.

Shida ilikuwa umbali. Upepo wa Kakuma ukianza unasikia turubai tu, na mimi nilikuwa mstari wa mwisho. Wiki ya pili nilichukua jerikeni moja ya njano ya mstari wa mbele, nikaiweka nyuma, nikakaa pale ilipokuwa. Haikupita saa. Akaja kijana mmoja wa Sudan, mrefu kiasi kwamba aliingia chini ya turubai kwa awamu.

"Mzee! Kwa nini umesogeza mimi?"

"Sijakusogeza wewe. Nimesogeza jerikeni."

"Hiyo ni mimi! Jina si umeona? Mimi nilikuwa hapa kabla yako!"

"Ulikuwa wapi? Unajua neno hata moja?"

"Neno bado haijafika!"

Wakaja na wenye jerikeni nyingine, kelele, vumbi, mpaka tukapelekwa kwa wazee wa bloku, yaani mtaa wetu wa kambini. Kesi yangu ilikaa siku nzima. Mmoja akasema jerikeni isiguswe, ndiyo sheria. Mwingine akasema jerikeni haina masikio. Wa tatu akauliza kama ilikuwa na mfuniko, kana kwamba mfuniko ungeleta tofauti. Rafiki yangu Mturkana alikuwa ameingia bila kualikwa, na shati langu mwilini, akakaa kwenye kigoda chake.

"Nyinyi naongea sana," akasema. "Kwetu kisima ni hivi. Kila mtu na zamu yake ya kunywesha. Zamu imefika, tunaita. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Kama hakuna mtu, hakuna ngamia, basi. Yule wa nyuma nakuja mbele. Sasa nyinyi nataka ngamia ikufe juu ya jerikeni?"

Hukumu ikatoka: nirudi nyuma kwanza, kisha jerikeni itakayoulizwa swali mara tatu bila kujibu, inarudi nyuma kwa nafasi moja, na fundi anasogea mbele. Jerikeni moja kwa siku, ili isionekane ni uonevu.

Huo ndio ulikuwa usomaji wangu. Kila siku mwalimu aliisimamia jerikeni iliyokuwa mbele yangu akaiuliza mara tatu, kwa upole, jina lako nani. Aliisubiri. Wenye jerikeni walituma shahidi mmoja kuhakikisha haonei. Kisha mimi nasogea. Ilinichukua wiki nyingi kumfikia, na katika maisha yangu sijapata safari tamu kama ile. Kila siku nilimsikia vizuri zaidi kidogo. Nilipofika mstari wa pili ndipo nilipogundua ana alama ndogo ya kuungua chini ya sikio.

Lakini Kireno hakikuingia. Hapa sitajipamba. Kichwa changu kilikuwa kama kile kiatu cha ngozi kavu, sindano inakatika. Nilijua kusalimu, nilijua dada, nilijua wapi, nilijua mkate. Yule mzee Mturkana, ambaye alikuja darasani kwa ajili ya kivuli tu, alinipita mbali. Siku yake ya kwanza aliuliza jambo moja: "Nipe, inasemwa aje?" Mwalimu akamwambia: "dá-me". Mzee akainuka akaenda zake, na kabla ya saa nane alikuwa ameomba kwa Kireno katika bloku nne, akarudi na chumvi na kofia ya sufu. Mimi na miezi yangu yote sikuwahi kupata hata kiberiti kwa Kireno.

Barua ya mwalimu kwa kaka yake ilipelekwa na padri mmoja aliyekuwa anasafiri. Ilikwenda, ikakaa, tukaisahau, na mwezi wa nane wa masomo yangu jibu likaja. Kaka atapiga simu posta ya mji wa Lodwar, Ijumaa, saa nne asubuhi. Anataka kumsikia huyo mwanaume. Mara moja tu.

Kutoka kambini kulihitaji kibali. Afisa akaniuliza kwa Kiingereza, nikamwangalia, akauliza kwa Kiswahili.

"Sababu ya safari?"

"Kuongea na shemeji."

"Shemeji yako yuko Lodwar?"

"Yuko Angola. Na bado hajawa shemeji."

Aliweka kalamu chini, akaichukua, akaandika kitu kirefu, akagonga muhuri. Sijui aliandika nini. Polisi wote njiani waliosoma kile kibali walitupungia mkono.

Tulifika Lodwar Alhamisi juu ya lori la mbuzi. Mwalimu alipokelewa mtaa wa Kanamkemer na mama mmoja wa kanisani. Mimi nikapewa mkeka uani. Asubuhi tulikuwa posta kabla haijafunguliwa. Vibanda vya simu viwili, benchi moja refu, na watu wengi, wa kupiga na wa kupigiwa, kila mmoja na mtu wake wa mbali. Nikaitoa jerikeni yangu ya bluu, maana mtu wa kambi hasafiri bila jerikeni, nikaiweka kwenye foleni. Nikamwambia mwalimu, "Twende, nikanyolewe. Nataka kuongea na kaka yako nikiwa na uso."

"Simu haioni uso," akasema. "Na hapa si Kakuma."

"Jerikeni ipo."

Alinitazama vile alivyokuwa akizitazama zile za darasani kabla ya kuzirudisha nyuma. Mimi nikaenda.

Kinyozi wa Lodwar alikuwa na wembe mmoja na habari nyingi. Nilirudi na kidevu kimekatwa mara mbili, saa nne kasoro kidogo, na mahali pangu kwenye foleni hapakuwa na kitu cha bluu.

"Jerikeni yangu iko wapi?" nikapiga kelele.

"Ile?" akasema mama mmoja kwenye benchi. "Yule wa kufagia amechukua. Tuliona ni ya kutupwa."

"Nimetupwa? Mimi?"

"Wewe ni jerikeni?" akauliza.

Nikafungua mdomo kumweleza sheria, toka bombani mpaka kwa wazee wa bloku, ndipo nikamwona mwalimu. Alikuwa amekaa kwenye benchi, wa pili kutoka mbele, miguu ameibana, mkoba mapajani. Hakuwa ameondoka hata kunywa maji. Mwanamke aliyekuwa amefundisha jerikeni miezi minane alikuwa ameishikilia nafasi yangu kwa mwili wake mwenyewe. Alisogea kidogo nikakaa.

"Luanda!" karani akaita. "Nani anangoja Luanda? Kibanda namba mbili!"

Niliingia, mwalimu akabaki nje akishika mlango wazi. Nikaiweka simu sikioni. Kwanza upepo, kama ule wa turubai. Halafu sauti ya mwanaume, nzito, inakwenda mbio, inakuja na kupotea kama inapita kwenye bomba lenye kutu. Niliyatafuta maneno yangu. Nikaokota mawili: dada, na wapi. Mengine yote yalipita juu ya kichwa.

Akanyamaza. Alikuwa ameniuliza kitu.

Nami nikawa kimya.

Akauliza tena, polepole zaidi. Nikamwangalia mwalimu. Yeye aliangalia chini, maana aliapa hatanisaidia. Jasho likaingia kwenye vile vidonda vya wembe. Nikafikiria: sasa mimi ndiye jerikeni. Nimeulizwa mara mbili. Ya tatu nikikaa kimya narudi nyuma, na nyuma hakuna mstari, kuna ziwa na vita na benchi la kushonea viatu peke yangu.

Akauliza mara ya tatu. Nikajibu neno pekee nililokuwa nimelisema mara thelathini na mbili kila siku kwa miezi minane, neno pekee la Kireno ambalo mdomo wangu ulilijua bila kuniuliza.

"Presente!"

Akauliza jingine.

"Presente!"

Na jingine. Na jingine. Nilijibu kwa nguvu, mkono mmoja umenyooka ubavuni kama askari. Posta nzima iligeuka kunitazama.

"Mzee," karani akasema kutoka dirishani, "unaongea na shemeji ama unajibu polisi?"

Mwisho yule bwana akasema neno moja fupi, nikalijua: dada. Nikampa mwalimu simu. Aliongea kwa muda mrefu. Alicheka, akalia, akacheka, akapandisha sauti, akanionyesha kidole mara mbili ingawa kaka hawezi kuona. Kisha akaitundika simu, akatoka, akajifuta uso kwa kanga.

"Aliuliza nikiugua kwenye ule mchanga utakuwa wapi," akasema. "Ukasema nipo."

"Naam."

"Akauliza siku chakula cha kadi ya mgao kikipunguzwa utakuwa wapi. Nipo. Akauliza una miaka mingapi. Nipo. Akauliza mama yako anaitwa nani."

"Nikasema?"

"Nipo." Alikuwa ameanza tena kucheka. "Anasema hivi: mwanaume huyu ama ni mjinga, ama ni mwema, na yeye simu ya pili ya kujua ni kipi hapigi. Basi amekubali."

Nikakaa sakafuni pale pale posta. Baadaye kidogo nikamuuliza, "Na wewe unaona ni kipi?"

"Mimi ni mwalimu wako," akasema. "Naijua alama yako." Na mpaka leo hajanisomea.

Tulipokuwa tunatoka, yule mama wa kufagia akatukuta mlangoni, mama wa Kiturkana mwenye shanga nyingi shingoni, amebeba jerikeni yangu kichwani. Imejaa maji mpaka mdomoni. Alikuwa ameikuta kwenye foleni, tupu, na jerikeni tupu kwenye foleni inataka nini kama si maji? Akaipeleka bombani nyuma ya posta, akaisubirisha zamu yake, akaijaza, akairudisha. Aliiweka miguuni pangu.

"Ejok."

"Ejok."

"Nipe shati," akasema.

Nikavua nikampa. Nilirudi Kakuma na fulana, juu ya lori la magunia, nimekumbatia lita ishirini za maji ya Lodwar. Kila mtu humo alikuwa na mzigo wa maana: sukari, betri, nguo. "Mzee, kwani Kakuma hakuna maji?" wakaniuliza. Nikawaambia ni ya harusi. Walinionea huruma, wakanisogezea kivuli.

Habari zilikuwa zimetutangulia. Sijui kambini habari zilisafiri na nini, maana simu hatukuwa nazo. Tulipofika kwenye turubai la darasa tukakuta watu thelathini na mmoja, kwa mara ya kwanza, kila mmoja amesimama nyuma ya jerikeni yake. Wamekasirika. Kijana mrefu wa Sudan ndiye msemaji.

"Mzee, tumesikia Kireno imefika na wewe umechukua peke yako."

"Nimechukua nini?"

"Si mwalimu! Sisi tulikuwa mbele yako kwa laini! Mimi nilikuwa wa tatu! Huyu alikuwa wa kwanza, na ana bibi nyumbani, lakini hata kuulizwa hakuulizwa!"

"Kweli, hata kuulizwa!" akasema huyo wa kwanza, mwenye bibi, kwa uchungu kabisa.

Rafiki yangu Mturkana alikuwepo, na mbuzi. Ndiyo, mbuzi, dume jeusi lenye sikio moja, kamba mkononi. Alikuwa ameniletea ombi langu la siku ya pili, mwaka mzima baadaye. Aliwatazama wale watu, akasema, "Ita wao. Mara tatu."

Mwalimu hakutua hata mkoba. Alichukua daftari lake, akasimama mbele na vumbi la safari usoni, akaita jina la kwanza. Yule mwenye bibi akamtazama jirani yake. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Hakuna aliyejua neno la kujibu. Akapita kwa wa pili. Kimya. Wa tatu, yule mrefu, akafungua mdomo, akaufunga. Wa nne ni yule mwenye kifua, akasimama pale anakohoa tu, na mimi kule nyuma, huruma ikanishika, mazoea yakanishika, nikakohoa kidogo nikaanza, "Pre—"

"Wewe nyamaza," akasema mwalimu bila kuinua macho. "Leo ujibu la kwako tu."

Nikatua jerikeni chini, nikasubiri jina langu. Lilikuwa la thelathini na mbili.